Jengo Lisishindane na Hifadhi: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Unapojenga Kituo cha Wageni

Mgeni hakukaa garini kutwa nzima katika vumbi ili aje kutazama jengo. Amefuata nyumbu, msitu, matumbawe, maporomoko ya maji. Kituo cha wageni katika hifadhi kina kazi tatu: kumpokea mgeni, kumfundisha kutazama, na kumtoa nje akiwa na hamu. Kikijitafutia kazi ya nne, ya kutazamwa chenyewe, kimeanza kushindana na hifadhi kilichowekwa kuihudumia.

Wengi huamini kwamba jengo limeafikiana na mandhari likiezekwa nyasi na kupakwa rangi ya udongo. Nyumba njema si mlango. Banda la nyasi lililosimamishwa kwenye kilele cha kilima, likaendeshwa kwa jenereta usiku kucha na kumwaga maji machafu korongoni, ni adui wa mandhari hata likipendeza pichani. Kipimo cha kweli ni hiki: jengo limeichukulia nini ardhi, yaani udongo, maji, giza, ukimya na njia za wanyama, na siku litakapoondolewa litaacha nini. Masharti yote yanayofuata yanatokana na kipimo hicho. Yanamhusu msanifu, mkandarasi na mhifadhi, na zaidi ya wote yule anayelipa.

Kabla ya kuchora

FANYA: Tumia kilichopo kabla ya kujenga kipya. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, katika Usambara Mashariki, ilitangazwa mwaka 1997 ikiwa ya kwanza ya aina yake Tanzania. Kituo chake cha taarifa pale Zigi kiliwekwa katika nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni, iliyobaki tangu enzi za reli ya Wajerumani. Katika kisiwa cha Chumbe, kusini mwa mji wa Zanzibar, magofu ya nyumba ya mtunza mnara wa taa yalifufuliwa yakawa kituo cha wageni. Mnara wenyewe ulijengwa mwaka 1904. Ardhi iliyokwisha kubeba msingi haina sababu ya kujeruhiwa mara ya pili, na mgeni hupata historia pamoja na mazingira. Zunguka hifadhi nzima ukitafute kitu cha namna hiyo: ghala, kituo cha zamani cha askari, nyumba ya watafiti. Ukikikosa, ndipo uzungumzie jengo jipya.

FANYA: Ione ardhi katika misimu yote. Mahali panapoonekana pakavu na tambarare mwezi Septemba panaweza kuwa dimbwi wakati wa masika. Udongo mweusi wa mbuga huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na nyufa zake hupanda hadi ukutani. Upepo hugeuka, nyasi huungua, wanyama huhama. Anayechora baada ya ziara moja ya kiangazi anachorea nchi asiyoijua.

FANYA: Ramani ya vilivyopo itangulie ramani ya jengo. Mpima ardhi aonyeshe kila mti mkubwa, kila mwamba, kila kichuguu, na kila mkondo wa maji hata ule unaopita siku chache tu kwa mwaka. Tembea na askari wa wanyamapori na wazee wa vijiji jirani. Wao wanajua tembo wanavukia wapi, pimbi wanaota jua kwenye jiwe lipi, na mti gani hujaa ndege ukizaa. Vitu hivyo ndivyo vitakavyolipangia jengo nafasi yake.

USIFANYE tathmini ya athari kwa mazingira ili kukamilisha jalada. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na ina chombo cha serikali cha kuisimamia. Tathmini inayofanywa baada ya ramani kupitishwa haina la kubadilisha; kazi yake inabaki kutafuta maneno mazuri ya kuelezea uharibifu uliokwisha kuamuliwa. Ianze mapema, na iwe na uwezo wa kusema hapana.

USINUNUE ramani iliyochorewa mahali pengine. Jengo linalofaa ukingo wa Ngorongoro, penye ukungu na baridi kali ya usiku, halifai ufukwe wa Mafia. Kama jengo lako linaweza kuhamishiwa mkoa mwingine bila kubadilishwa kitu, halijasanifiwa bado.

Mahali pa kujenga

USIJENGE kwenye mgongo wa kilima. Kila mfadhili hutaka kileleni kwa sababu ndipo penye mandhari ya kuvutia. Jengo la kileleni humpa mandhari mtu aliye ndani yake na kuwaharibia wote walio bondeni. Shuka. Paa libaki chini ya mstari ambapo kilima kinakutana na anga, na nyuma yake pawe na mteremko, miti au mwamba wa kulipokea.

USIJENGE mlangoni pa kivutio. Kwa miaka mingi maegesho na majengo ya wageni ya Stonehenge, Uingereza, yalikuwa karibu mno na mawe yale ya kale, na barabara ya magari ilipita ubavuni. Mwaka 2013 kituo kipya kilifunguliwa umbali wa karibu kilomita 2.4, barabara ile ikafungwa na kuoteshwa nyasi, na wageni sasa huyafikia mawe kwa miguu au kwa basi. Australia walichukua hatua ngumu zaidi: mwaka 1984 nyumba za wageni zilizokuwa chini ya mwamba wa Uluru zilifungwa, na huduma za malazi zikahamishiwa Yulara, nje ya hifadhi. Nchi hizo zililipa mara mbili, kwanza kujenga karibu, kisha kuhama. Wewe lipa mara moja: kaa mbali tangu siku ya kwanza.

FANYA: Chagua ardhi iliyokwisha kuguswa. Shimo la zamani la kifusi, shamba lililoachwa, uwanja uliokuwa kambi ya wajenzi wa barabara: anzia hapo. Kule Kinigi, Rwanda, kampasi ya Dian Fossey Gorilla Fund, iliyosanifiwa na MASS Design Group na kufunguliwa mwaka 2022, ilijengwa nje ya mpaka wa hifadhi ya taifa. Mawe ya volkeno ya eneo hilo yakawa kuta, na mimea ya asili zaidi ya 250,000 ikaoteshwa kuzunguka majengo. Kituo cha namna hiyo kinawaongezea wanyama na ndege makazi badala ya kuwapunguzia.

FANYA: Simamisha mirunda kabla ya kutia saini. Weka mirunda yenye kimo cha paa katika kila pembe ya jengo, ifungwe vitambaa vyeupe, kisha uende kuitazama kutoka barabarani, kutoka kilimani, kutoka majini. Palipoonekana kitambaa, paa litaonekana. Kazi hiyo humalizika kwa siku moja na kwa fedha kidogo, nayo husema ukweli ambao picha za kompyuta huuficha.

USIZIBE njia ya wanyama. Ushoroba wa Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, unaonyesha jinsi mashamba na makazi, moja baada ya jingine, yanavyobana njia iliyotumiwa na wanyama kwa vizazi. Kituo cha wageni hakina ruhusa ya kuongeza hata uzio mmoja kwenye hesabu hiyo. Tembo atapita alikopita mama yake. Ukimwekea tangi la maji njiani atalivunja, na lawama ni yako.

Umbo na ukubwa

FANYA: Gawanya jengo. Ukumbi mmoja mkubwa unadai uwanja mmoja mkubwa uliosawazishwa. Vibanda vitatu au vinne vilivyounganishwa kwa njia yenye kivuli vinaweza kupenya kati ya miti na mawe bila kuvigusa. Kituo cha Seronera, katikati ya Serengeti, kinafundisha hilo: kimewekwa kandokando ya kilima cha miamba, na njia ya maelezo inazunguka kati ya mawe yenyewe, penye pimbi na mijusi. Mwamba ndio ukumbi wa maonyesho, na hakuna ukuta wa fundi ambao ungefanya kazi hiyo vizuri zaidi.

FANYA: Fuata mteremko. Sakafu ishuke pamoja na ardhi. Palipo na mteremko mkali, jengo lisimame juu ya nguzo ili maji ya mvua na viumbe vidogo vipite chini. Ukilazimika kuchimba, basi lilaze jengo ndani ya ardhi kwa ukamilifu. Kituo cha Giant's Causeway, Ireland ya Kaskazini, kilichofunguliwa mwaka 2012, kimezamishwa hivyo: kuta zake ni za mawe ya basalti, jiwe lilelile lililojenga nguzo za asili za ufukweni pale, na juu ya paa panaota nyasi zinazoungana na ardhi ya jirani. Ubaya ni wa katikati, pale kilima kinapokatwa nusu, jengo likakaa kwenye jeraha, na udongo uliochimbwa ukamwagwa bondeni.

FANYA: Soma jua. Karibu na ikweta, jua la asubuhi na la jioni ndilo linalopiga kuta. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, zile fupi zitazame mashariki na magharibi. Upenu uwe mpana, baraza liwe refu, na juu ya ukuta paachwe nafasi ya hewa moto kutokea. Jengo lililoelekezwa vizuri halidai kiyoyozi, na jengo lisilo na kiyoyozi halidai jenereta kubwa. Kosa la mwelekeo, lililofanywa kwa dakika moja mezani, litalipwa kwa mafuta na kelele maisha yote ya jengo.

USIPIME ukubwa kwa siku ya kilele. Wiki chache za msimu wa wageni wengi zisikufanye ujenge ukumbi utakaokaa mtupu miezi mingine yote. Jenga kwa siku ya kawaida. Wingi wa watu upokelewe na kivuli cha miti, mabenchi na zamu za kuingia.

USIIGE. Kisiki cha saruji kilichopakwa rangi ya mti, mwamba wa plasta, sanamu ya tembo langoni ilhali tembo wa kweli yuko mita 200 mbele, boma la Kimaasai la zege: vyote hivi vinamdharau mgeni na mwenyeji kwa pamoja. Vivunje kwenye ramani kabla havijafika kwenye ardhi. Msanifu Mary Colter alilielewa jambo hili zamani sana. Jengo lake la Lookout Studio, la mwaka 1914, liko ukingoni mwa Grand Canyon, Marekani. Mahali alipolipachika leo napakataa, kwa sababu niliyokwisha kuitaja. Namna alivyolijenga ndiyo ya kufuata: alitumia mawe ya palepale, akayapanga yakiwa na ukwaru wake, na akauacha mstari wa paa upande na kushuka bila mpangilio kama ukingo wenyewe. Hakupaka ukuta rangi ya mwamba. Aliujenga kwa mwamba.

Vifaa na rangi

FANYA: Tumia mali ya eneo, lakini isitoke ndani ya hifadhi. Masharti haya ni mawili na yote ni ya lazima. Mawe, udongo na mbao za jirani zina rangi isiyouzwa dukani. Hata hivyo, mchanga usichotwe kwenye mto wa hifadhi, wala mti wa asili usikatwe ili kulipendezesha jengo la kuutetea msitu. Kituo cha Mapungubwe, Afrika Kusini, ni mfano mkubwa barani kwetu. Msanifu Peter Rich na wahandisi aliofanya nao kazi walijenga kuba nyembamba za vigae vya udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Vigae vipatavyo 200,000 vilitengenezwa na watu wa eneo hilo waliokuwa hawana ajira, waliofundishwa kazi hiyo kwa ajili ya mradi. Kuba hubeba uzito kwa umbo lake, kwa hiyo haikuhitaji misitu ya nondo. Mwaka 2009 jengo hilo lilitangazwa kuwa jengo bora la mwaka katika World Architecture Festival. Fedha ambayo ingenunua chuma kutoka mbali ilibaki mifukoni mwa majirani wa hifadhi.

USIBEBE makuti kuyapeleka bara. Makuti ni ya pwani, yalizaliwa na minazi na hewa ya pwani. Kuyapakia kwenye malori na kuyapandisha Serengeti ili mgeni aone kile alichokiona kwenye kalenda ni kumdanganya yeye na kuidharau nyasi ya huko. Hata pwani, yatumie ukijua kwamba yatabadilishwa kila baada ya miaka michache na kwamba cheche moja huyamaliza. Fedha za kuyabadilisha ziwe kwenye bajeti tangu mwanzo, au ezeka kwa kitu kingine.

USIKATE mikoko kwa boriti, wala usichome matumbawe kwa chokaa. Miji mikongwe ya Lamu na Zanzibar ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na tunaiheshimu. Lakini kituo kinachofundisha kulinda bahari kikijengwa kwa kuibomoa bahari, somo lake limekwisha kabla ya mwanafunzi wa kwanza kufika.

USITUMIE bati linalong'aa. Bati la msauzi la bluu au jekundu huonekana kutoka mbali kupita kitu chochote kilicho hai. Chagua rangi iliyofifia, isiyometa, na iwe nyeusi kidogo kuliko mandhari yaliyo nyuma yake, kwa maana jicho huvutwa na kinachong'aa kabla ya kilicho giza. Peleka vipande vya sampuli uwanjani, uviache juani, uvitazame kwa mbali asubuhi, mchana na jioni. Rangi haichaguliwi ofisini.

USIWEKE kioo kikubwa kisicho na alama. Ndege huona miti na anga ndani ya kioo, akairukia, akafa. Punguza kioo, kiweke chini ya kivuli cha upenu, na kile kinachobaki kitiwe madoa upande wa nje, yasiyoachana zaidi ya sentimita 5.

Maji, taka, giza na ukimya

FANYA: Hesabu ya maji ianzie kwenye paa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 300, mahali penye mvua ya milimita 800 kwa mwaka, hupokea lita 240,000. Ukitoa asilimia 20 inayopotea, zinabaki 192,000, yaani lita kama 526 kwa siku. Hayo ndiyo maji yako. Panga vyoo, jiko na usafi ndani ya hesabu hiyo kabla hujafikiria kuchimba kisima kitakachokausha chemchemi ya wanyama. Chumbe hakuna chanzo cha maji baridi ardhini. Mabanda yake 7 ya wageni hukinga mvua kwa mapaa yaliyosanifiwa kwa kazi hiyo na kuihifadhi katika matangi yaliyo chini. Vyoo ni vya mboji, umeme ni wa jua, na maji ya kuogea huchujwa kwenye vitanda vya mimea. Paa la pale lilipata umbo lake kutokana na haja ya maji, ndiyo maana halionekani kama pambo.

USITEREMSHE maji machafu korongoni. Korongo kavu ni mto unaosubiri mvua. Kinachomwagwa humo Agosti kitanywewa na swala Machi.

USIACHE taka wazi. Nyani, tumbili na kunguru weusi hujifunza upesi. Nyani aliyezoea mabaki ya chipsi huingia magarini, humng'ata mtoto, na mwisho huuawa kwa kosa la aliyesanifu pipa bila kifuniko cha kufunga. Sehemu ya kulia chakula iwe moja, inayosimamiwa, na taka zitoke hifadhini.

FANYA: Linda giza. Taa ziwe chache, zifunikwe juu, zitazame chini, ziwe na mwanga wa manjano hafifu, na zizimwe kituo kinapofungwa. Kando ya bahari sharti hili halina msamaha: kasa wachanga wakitoka mchangani hufuata mwanga wa upeo wa bahari, na taa ya baraza huwageuza kuelekea nchi kavu, kwenye kaa na kunguru. Mgeni apewe tochi.

USILETE kelele. Jenereta, spika za muziki, pampu isiyofungiwa: vyote hivi vinamnyang'anya mgeni nusu ya alichokifuata, kwa kuwa msituni mtu husikia kabla ya kuona. Tumia umeme wa jua na betri, na spika zibaki mjini.

Magari na miguu

FANYA: Yahesabu maegesho kuwa ni jengo. Gari moja, pamoja na nafasi ya kugeukia, hula karibu mita za mraba 25. Magari 40 yanadai mita za mraba 1,000, zaidi ya mara tatu ya lile paa la mita za mraba 300 nililolitaja. Wasanifu hupigania sentimita za upenu kisha wakaachia katapila lisawazishe uwanja mzima wa magari. Yagawe maegesho katika vipande vidogo chini ya miti iliyopo, yawe ya kokoto au udongo ulioshindiliwa unaopitisha maji, na yakae mahali ambapo dirishani hayaonekani. Mabasi makubwa yaishie getini.

FANYA: Inua njia palipo na mizizi au maji. Jozani, Unguja, wageni hupita kwenye mikoko juu ya njia ya mbao iliyoinuliwa; kaa hupita chini na tope halikanyagwi. Palipo pakavu njia iwe ya udongo, nyembamba, na ipinde ili mtu afike bila kuliona jengo zima kwa mara moja.

FANYA njia ya kila mtu. Mzee, mjamzito na anayetumia kiti cha magurudumu wana haki ya hifadhi yao. Mteremko usizidi 1 kwa 12: ukitaka kupanda sentimita 50, njia isipungue mita 6. Ngazi peke yake ni mlango uliofungwa.

Mimea na siku za ujenzi

USIPANDE bustani. Bougainvillea, nyasi za uwanja wa mpira na mitende ya mapambo havina kazi hapa. Amani ni fundisho lenye uchungu: bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 ilileta miti na vichaka kutoka pande nyingi za dunia, na baadhi, kama Clidemia hirta, vilitoroka vikaenea katika msitu wa asili. Kenya inaujua mti wa kigeni wa mathenge ulivyoiteka Baringo. Zungushia jengo mimea iliyokuwepo, iliyooteshwa kwa mbegu za palepale, kisha uiache ijipange.

FANYA: Osha kila gari la kazi kabla halijaingia. Mbegu za gugu karoti husafiri katika tope la matairi, katika mchanga na katika kokoto. Kagua machimbo ya mkandarasi wako. Yakiwa na gugu hilo, kataa mzigo.

FANYA: Zungushia uzio wajenzi, usiwazungushie wanyama. Weka mpaka wa kazi mita chache tu nje ya msingi, na chochote nje ya mpaka huo kisiguswe. Mti unaobaki ulindwe katika eneo lote linalofunikwa na matawi yake, kwa kuwa mizizi ipo huko. Saruji isichanganywe hapo wala lori lisiegeshwe. Udongo wa juu utolewe kwanza, uhifadhiwe pembeni kwa lundo fupi, na urudishwe mwishoni, maana ndani yake mna mbegu za mahali pale. Faini ya kila mti uliokatwa bila kibali iandikwe kwenye mkataba kwa tarakimu.

USIWEKE kambi ya vibarua bila chakula, maji na nishati ya kupikia. Ukiwanyima kuni watakata, ukiwanyima kitoweo wengine watatega nyaya. Wajibu huo ni wako kabla haujawa wao.

Watu

FANYA: Wenye ardhi wakae mezani tangu mchoro wa kwanza. Kituo cha utamaduni cha Uluru, kilichofunguliwa mwaka 1995, kilisanifiwa na Gregory Burgess pamoja na Waanangu, wenye mwamba ule. Kuta zake za matofali ya udongo zilichukua umbo kutokana na simulizi zao, na wao ndio walioamua nini kielezwe kwa wageni na nini kisielezwe. Kumwalika mwenyekiti wa kijiji siku ya kukata utepe hakuhesabiki kuwa ushirikishwaji.

FANYA: Kiswahili kitangulie kwenye maelezo. Katika hifadhi za Tanzania, lugha ya kigeni ifuate ya wenyewe, kwa herufi zisizo kubwa kuliko zao. Weka chumba au kivuli kinachotosha darasa zima la shule ya jirani, na siku zao za kuingia ziandikwe kwenye ratiba ya mwaka. Mtoto anayeishi kilomita 10 kutoka getini ndiye atakayeilinda au kuichoma hifadhi hiyo akiwa mtu mzima.

USIJAZE kuta maneno. Ubao mmoja, jambo moja, kisha kidole kielekeze nje. Mgeni akikaa ndani zaidi ya nusu saa wakati kuna mwanga, kituo kimemchelewesha.

Kabla ya kutia saini

Uliza maswali haya, na udai majibu yaliyoandikwa:

- Mirunda ilisimamishwa? Nani aliitazama, na kutoka wapi?
- Miti mingapi itakatwa, na kila mmoja kwa sababu gani?
- Maji yanatoka wapi mwezi wa mwisho wa kiangazi?
- Maji machafu na taka vinaishia wapi?
- Saa mbili usiku, taa ngapi zitakuwa zinawaka?
- Nani atalipia matengenezo mwaka wa 10?
- Jengo likiondolewa, ardhi itachukua muda gani kupona?

Swali lolote likikosa jibu lenye ushahidi, usitie saini. Rudisha ramani kwa msanifu, mwongeze muda, mlipe kazi ya ziada, na usimruhusu mkandarasi aingize hata toroli moja hifadhini mpaka jibu lipatikane.